Saini moja imezidi kwenye jezi ya baba

BARUA

Mshauri mpendwa,

Pokea salamu zangu. Nimeisoma safu hii kwa muda mrefu bila kufikiri kwamba siku moja nitaiandikia, tena kwa jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, yaani jezi ya mpira iliyotiwa kwenye fremu.

Baba yangu ni shabiki wa Arsenal tangu kabla sijazaliwa. Utotoni mwetu Jumatatu ilikuwa na sura mbili, kutegemea Arsenal walifanya nini mwishoni mwa wiki, na sisi watoto tulijifunza kuusoma uso wake kabla ya kumwomba chochote. Msimu wa 2003/2004, ule ambao timu ilicheza mechi 38 za ligi bila kupoteza hata moja, ikashinda 26 na kutoka sare 12, anausimulia kwa namna ileile anavyosimulia harusi yake na kuzaliwa kwetu. Hata tarehe za mambo ya nyumbani huzipanga kwa kuanzia hapo: jambo fulani lilitokea kabla ya msimu ule, jingine baada yake.

Alipostaafu miaka sita iliyopita, sisi watoto wake wanne tulichanga fedha za zawadi. Mimi ni kifungua mimba, kwa hiyo mimi ndiye niliyeshika fedha hizo na mimi ndiye niliyeamua. Mdogo wangu wa kiume alipendekeza tuagize jezi mpya kutoka duka rasmi la klabu, ichapishwe jina la baba mgongoni pamoja na namba 60, umri aliotimiza mwaka ule. Nilimcheka. Nilimwambia kwamba jezi ya jina mtu yeyote anaweza kujinunulia, na baba anastahili kitu ambacho hakuna mwingine anacho. Nilikuwa nimekwisha kumpata muuzaji mtandaoni mwenye jezi ya msimu ule, iliyokuwa na saini 21, pamoja na cheti kilichoeleza kwamba wachezaji waliisaini tarehe 15 Mei 2004, siku Arsenal walipoifunga Leicester City mabao 2-1 uwanjani Highbury na kukabidhiwa kombe. Niliagiza fremu nzuri, na chini yake nikaweka kibao kidogo cha shaba kilichochongwa jina kamili la baba, mwaka alioanza kazi na mwaka aliostaafu.

Siku ya sherehe baba aliishika fremu kwa mikono miwili, akausogeza uso wake karibu na kioo, akakaa hivyo kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akavua miwani akaanza kuifuta, na sote tukajua kwamba kilichohitaji kufutwa hakikuwa miwani.

Tangu siku hiyo fremu imetundikwa juu ya kiti chake. Kabla ya kila mechi huifuta kioo kwa kitambaa ambacho hakuna mwingine anayeruhusiwa kukigusa. Kila mgeni mpya lazima aongozwe mbele yake. Baba huanza juu kwa Henry, akaja kwa Bergkamp, Vieira, Pires na Ljungberg, kila mmoja na hadithi yake, na akikaribia kona ya chini upande wa kulia hukohoa kidogo, kidole chake kikashuka moja kwa moja hadi kwenye kibao, akasoma jina lake mwenyewe kwa sauti ya mtangazaji, na wageni wakacheka.

Miezi mitatu iliyopita niligundua kwamba unyevu umeingia ndani ya fremu na kuacha doa chini ya jezi. Nilipiga picha ili nimwonyeshe fundi. Mwanangu wa miaka 14, ambaye historia ya Arsenal ameipata kwa babu yake, aliikuza picha ile kwenye simu, kisha akaniuliza: "Mama, hii si saini ya Flamini? Flamini alikuja baadaye." Nilitafuta, nikakuta mtoto amesema kweli. Mathieu Flamini alisajiliwa kutoka Marseille katika kiangazi cha mwaka 2004, baada ya msimu ule kwisha.

Siku baba alipokuwa hayupo nilichukua kioo cha kukuzia nikaanza kuzikagua saini moja baada ya nyingine. Herufi L ya Lehmann, ya Lauren na ya Ljungberg zote zina kikulabu kilekile mwishoni. Niliwatumia picha watu watatu wanaokusanya vitu vya namna hii, na wote wakaniambia kwamba ni za kughushi. Ukurasa wa muuzaji umefutwa na namba yake haipatikani.

Nilimweleza mume wangu, akanijibu: "Funika kombe mwanaharamu apite." Nikamwambia mwanangu asiseme kwa mtu yeyote, na pengine ningenyamaza hadi leo kama si rafiki wa baba. Mzee huyu, ambaye wamefuatana na baba kwa zaidi ya miaka 30, amelipwa mafao yake ya kustaafu na anataka kujinunulia jezi kama ile. Aliniambia mbele ya baba: "Binti yangu, nipe namba ya yule muuzaji wako." Baba aliinuka akaenda kufunga dirisha ambalo tayari lilikuwa limefungwa. Mimi nikadanganya kwamba nimebadilisha simu na namba zimepotea. Tangu hapo mzee amenikumbusha mara mbili.

Wadogo zangu hawajui lolote. Mwaka jana mmoja wao alitaka jezi ikadiriwe thamani ili ikatiwe bima, na baba alikataa katakata, akisema kwamba kitu cha zawadi hakipimwi. Je, nimwambie ukweli na kumvunja moyo? Au nitafute jezi yenye saini za kweli niibadilishe kimyakimya fremu itakapokuwa kwa fundi? Ninaogopa kwamba nikisema nitaharibu kitu pekee ambacho baba huwaonyesha watu kwa fahari, na nikinyamaza nitamwacha mzee wa watu aibiwe.

Wako,
Kifungua Mimba

JIBU

Dada mpendwa,

Hakuna udogo katika jambo hili, na sidhani kwamba wewe mwenyewe unaliona dogo, maana mtu haendi kukagua herufi L za wachezaji watatu kwa kioo cha kukuzia kwa ajili ya jambo dogo. Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kila mara nimeona kwamba ndani yake kuna mambo matatu uliyoyafunga katika furushi moja. Kuna jezi yenyewe na saini zake, kuna baba yako na fahari yake, na kuna mzee anayesubiri namba ya simu. Uzito wa furushi unatokana na kuyabeba yote pamoja, ilhali hayana haraka sawa.

Nianze na jezi, kwa sababu hapo ndipo ulipo na uhakika mkubwa, na pengine uhakika wenyewe umekuwa mkubwa kupita ushahidi. Saini ya Flamini peke yake haithibitishi kwamba saini zote ni bandia. Jezi ya mwaka 2004 inaweza kuongezwa saini mwaka 2005 au hata baadaye; Flamini alikaa Arsenal hadi 2008, akaenda Milan, akarudi tena 2013. Kinachoanguka mara moja ni cheti, kwa kuwa kinadai kwamba kazi yote ilifanyika siku moja, na siku hiyo mchezaji huyu hakuwa wa klabu hiyo. Vikulabu vya herufi L vinatia shaka zaidi, kwa sababu mikono mitatu haiandiki herufi moja kwa namna moja. Ipo pia alama nyingine ambayo unaweza kuiangalia fremu ikifunguliwa. Kitambaa cha jezi huteleza na kuvutika chini ya kalamu, kwa hiyo saini ya mkono juu yake huwa na mahali wino ulipojikusanya na mahali uliporuka, hasa mtu anapoanza na anapomaliza kuandika. Saini iliyochapwa kwa mashine huwa na wino ulio sawasawa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Zipo kampuni zinazofanya kazi ya kulinganisha saini na mifano inayojulikana, kama PSA na Beckett za Marekani, ingawa nazo hutoa maoni ya kitaalamu tu, kwa kuwa hazikuwapo wakati wa kusaini. Wale watu watatu waliokujibu kwa kutazama picha ya simu yumkini wamesema kweli, lakini bado wametazama picha ya simu.

Sisemi haya ili kukupa tumaini la uongo. Ninayasema kwa sababu umekwisha kujihukumu kuwa mjinga, na ningependa ujue kwamba uwanja huu umewaangusha wengi wenye macho makali. Katika miaka ya 1990 wapelelezi wa FBI waliwachunguza waghushi wa saini za wanamichezo huko Marekani, na mojawapo ya mambo waliyoyakuta ni kwamba hata vyeti vya uhalisi vilikuwa vimeghushiwa, kwa hiyo mnunuzi aliyetaka uthibitisho aliuziwa uongo wa pili juu ya ule wa kwanza. Hata kitu chenye historia iliyo wazi hakikosi ubishi. Jezi aliyoivaa Diego Maradona dhidi ya Uingereza tarehe 22 Juni 1986, siku ya bao la mkono, ilikuwa mikononi mwa Steve Hodge, mchezaji aliyebadilishana naye jezi baada ya mechi, na kwa miaka mingi ilionyeshwa katika makumbusho ya soka. Ilipotangazwa mnadani mwaka 2022, binti yake Maradona alijitokeza kusema kwamba hiyo si ya kipindi cha pili yalimofungwa mabao. Wenye mnada walitegemea kulinganisha kitambaa na picha za siku ile, na jezi ikauzwa kwa zaidi ya pauni milioni 7. Kama kuna ubishi pale, basi mwanamke aliyekuwa na michango ya wadogo zake watatu, tarehe ya sherehe inayokaribia na cheti chenye muhuri alikuwa na sababu za kuamini.

Sasa nije kwa baba yako, na hapa naomba uniruhusu nikurudishie maneno yako mwenyewe.

Umeandika kwamba baba huanza kwa Henry na kuendelea, lakini akikaribia kona ya chini kulia hukohoa na kidole chake kikaruka hadi kwenye kibao. Hukusema saini ya Flamini iko upande gani. Umeandika kwamba alikataa katakata jezi isikadiriwe thamani. Umeandika kwamba rafiki yake alipoiomba namba ya muuzaji, yeye aliinuka kwenda kufunga dirisha lililokwisha kufungwa. Na umeandika kwamba mwanao wa miaka 14 aliitambua saini iliyozidi kwa kuikuza picha mara moja tu, na kwamba elimu hiyo yote ameipata kwa babu yake.

Je, una hakika kwamba baba hajui?

Sidai kwamba anajua. Kikohozi kinaweza kuwa kikohozi tu, na wazee wengi hukataa kukadiria thamani ya zawadi kwa sababu hiyohiyo aliyoitoa yeye. Lakini barua yako nzima imejengwa juu ya dhana kwamba wewe una ukweli na yeye ana furaha, na kwamba wa kwanza ukiingia wa pili utatoka. Mtu ambaye amekuwa shabiki tangu kabla hujazaliwa, ambaye anajua nani alisajiliwa lini, ameifuta kioo ile kabla ya kila mechi kwa miaka sita, sentimita chache kutoka puani. Ninaona vigumu kuamini kwamba jicho lake halijawahi kufika kwenye kona ile. Siku ile ya sherehe alipokaa kimya muda mrefu, hatujui alikuwa akisoma nini. Kama alijua, basi huenda kwa miaka sita yeye ndiye amekuwa akikuhifadhi wewe, na ninyi wawili mmekuwa mkilinda siri moja kutoka pande mbili za kioo. Na kama hajui, mazungumzo yatakuwa mazito zaidi na yatahitaji uandae maneno mengine. Unahitaji kujiandaa kwa hali zote mbili, na hadi sasa umejiandaa kwa moja tu.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa ulitazame taratibu, wala usilichukue kama lawama. Unaposema kwamba unaogopa kumvunja baba moyo, ni kiasi gani cha hofu hiyo ni cha baba, na kiasi gani ni cha mdogo wako uliyemcheka? Yeye alitaka jezi mpya yenye jina la baba na namba 60. Ukisema leo, utalazimika kusema pia kwamba wazo lililodharauliwa lilikuwa salama na lililoshinda lilikuwa na kasoro. Hilo linauma, na ni la kibinadamu kabisa kulificha chini ya huruma kwa mzazi. Ila ni vyema kulijua, kwa sababu mtu anayemlinda baba yake huchukua hatua tofauti na mtu anayejilinda mwenyewe.

Kuhusu kunyamaza, ushauri wa mume wako si wa kupuuzwa. Yapo mambo ya familia ambayo hupona kwa kuachwa, na laiti fremu ingekuwa ya baba peke yake, ningekaa upande wake kwa muda mrefu zaidi. Tatizo ni kwamba kombe hili limekwisha kufunuliwa kwa watu kadhaa. Mwanao anajua, na kila babu yake anapoanza kuwaonyesha wageni jezi, mtoto huyo analazimika kusimama kando akiwa amebana midomo. Miaka ijayo fremu itarithiwa, na mmoja wa wadogo zako anaweza kuipeleka ikauzwe au ikatiwe bima kwa nia njema kabisa. Wewe ukiwa unajua na ukaacha iuzwe kama ya kweli, hapo hutakuwa tena mtu aliyedanganywa. Na yupo mzee.

Wazo la kubadilisha jezi kimyakimya ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Ninaelewa linakotoka: ungependa kuufanya uongo uwe kweli bila mtu kuumia. Lakini fikiria utekelezaji wake. Ungelazimika kuipata jezi ya msimu uleule kwa ukubwa uleule, ikiwa na saini za kuaminika za kikosi kilekile, zikiwa zimepangwa karibu sawa na zile ambazo baba amezigusa kwa kidole mbele ya kila mgeni, na uinunue katika soko hilihili lililokwisha kukudanganya. Kisha itundikwe mbele ya mtu anayeijua ya kwanza kama anavyojua kiganja chake. Akigundua, atakuwa na maswali mawili badala ya moja, na la pili hutaweza kumtupia muuzaji.

Wengine katika nafasi yako hutafuta njia ya kati: huongeza zawadi nyingine, tuseme ile jezi ya jina aliyoitaka mdogo wako, wakitumaini kwamba mpya itaivuta fahari na ya zamani itasahaulika pembeni. Hakuna ubaya kuiagiza, na ukiagiza, pitia duka la klabu yenyewe ili usirudi kulekule kwenye mashaka. Ila nisingependa uitumie kama pazia. Jezi ya jina ni zawadi ya heshima kamili inapotolewa kwa moyo mmoja, na mdogo wako anastahili kuwa ndiye atakayeitoa. Ninakumbusha tu kwamba sehemu ambayo baba husoma kwa sauti kubwa mbele ya wageni, ile wanayoichekea, ni kibao cha shaba chenye jina lake na miaka yake ya kazi. Hicho ulikiagiza wewe, na hakikughushiwa na mtu.

Nimrudie mzee, kwa kuwa yeye ndiye mwenye saa inayotembea. Si lazima ufungue hadithi nzima ili kumlinda. Ipo sentensi fupi ambayo ni ya kweli na unaweza kumwambia hata kesho: kwamba umejaribu kumtafuta muuzaji, hapatikani, ukurasa wake umefutwa, na kwa sababu hiyo huna tena imani naye wala humshauri mtu yeyote kununua kwake. Kila neno hapo ni kweli. Unaweza kuongeza kwamba akitaka kununua kwa mwingine asipeleke fedha za mafao kwa mtu ambaye hana anwani, hana risiti na hana picha ya mchezaji akisaini, hata kama cheti chake kinang'aa namna gani. Hatari ya njia hii ni kwamba wazee wawili waliofuatana kwa miaka 30 hawafichani, na maneno yako yanaweza kufika kwa baba kabla ya jua kuzama, yakiwa yamebadilika njiani. Ndiyo maana baadhi ya watu wangeanza na baba, siku ileile, kisha ndipo waende kwa mzee. Wengine wangeona kwamba mzee hawezi kusubiri mtu ajipange. Wewe unawajua wote wawili, mimi siwajui. Utakachokiamua, usiache siku nyingi zipite kati ya mazungumzo hayo mawili.

Wadogo zako nao wana haki yao, kwa kuwa fedha zilikuwa za wote. Swali ni la mpangilio. Ukianza nao, utapata watu wa kukushika mkono, lakini siri inayogawanywa kwa watu wanne haikai, na baba anaweza kuisikia kwa mkwe au kwa mjukuu. Ukianza na baba, wadogo zako wanaweza kulalamika kwamba umewapita tena kama ulivyowapita wakati wa kununua. Ningekuomba umfikirie zaidi yule wa namba 60. Kwake pengine maneno "ulikuwa na wazo zuri na nilikucheka" yatafungua mlango mapema kuliko maelezo yoyote kuhusu wino.

Kuhusu muuzaji, tunza cheti, risiti na ujumbe wote mliotumiana, na utazame sheria za unakoishi zinasemaje kuhusu muda wa kudai. Miaka sita ni mingi na siwezi kukuahidi kwamba utarudishiwa kitu. Hata hivyo, taarifa iliyoandikishwa inaweza kuungana na ya mtu mwingine aliyedanganywa.

Na mwanao, tafadhali, mwondolee mzigo hata kabla ya kuamua lolote jingine. Mwambie kwamba alichokiona alikiona vizuri, kwamba unalishughulikia, na kwamba hutamwomba tena akufichie neno kwa babu yake.

Limebaki doa la unyevu, ambalo naona umelisahau katikati ya haya yote. Unyevu hauwezi kusubiri. Jezi inayogusana na kioo hukusanya maji, doa likapanda, na wino ukaanza kutawanyika, uwe wa Henry au wa mtu asiyejulikana. Fundi atahitaji kuifungua fremu, kuitenganisha jezi na kioo kwa kuweka nafasi kati yake, kuishona kwenye ubao wa nyuma badala ya kuigandisha kwa gundi, na akiwa nacho, kuweka kioo kinachozuia miale ya jua, kwa sababu saini za kalamu za wino mzito hufifia zikipigwa na mwanga kwa miaka. Hayo yote hayawezi kufanyika bila ruhusa ya baba, kwa hiyo fremu italazimika kushuka ukutani yeye akiwapo.

Huenda hiyo ndiyo nafasi yako, kama utaona inafaa. Iwe siku isiyo na mechi, bila wageni, jezi ikiwa imelazwa mezani bila kioo kwa mara ya kwanza tangu mlipompa. Huna haja ya kuanza kwa kukiri wala kwa kuthibitisha. Unaweza kuweka kidole kwenye kona ya chini kulia na kumuuliza: "Baba, hii hapa ni ya nani?" Kisha unyamaze, umwache atafute miwani yake.